Fomu Namba Saba

Mjukuu wangu Zuhura, ambaye naye ni karani wa rekodi, alikuja kunitembelea Ijumaa akiwa amenuna. Kisa, mzazi mmoja alisimama dirishani kwake akipiga meza, anataka aonyeshwe kila kitu kilichoandikwa na daktari kuhusu binti yake wa miaka kumi na sita. "Babu, wewe ungemjibu nini?" akaniuliza. Nikamwuliza kwanza kama alimpa kiti. Akasema hapana, alimwambia mfumo hauruhusu. Astaghfirullahi! Mtu mzima ana hasira zake, wewe unamsimamisha na kumtajia mfumo! Hapo ndipo nilipoona heri niyaandike haya, kwa ajili yake na kwa ajili yenu nyote mnaoingia kazi hii mkidhani ilianza na kompyuta.

Mimi nilianza mwaka uliofuata uhuru, katika hospitali moja huku kusini mwa Kwale. Jina lake naliacha, maana waliobaki hai wana wajukuu wenye simu. Nilikuwa kijana mwembamba, kaptura imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, kalamu tatu mfukoni na mbili kati yake hazina wino. Chumba chetu cha mafaili kiligusana na jiko la hospitali. Kwa hivyo kuanzia herufi M mpaka herufi S mafaili yote yalinuka maharagwe. Mgonjwa akija na jina la Mwanaisha au Salimu, unafungua faili lake unasikia njaa.

Tulipambana na mende kwa majani makavu ya mwarobaini, tukiyatandaza katika kila droo. Tulipambana na majina kwa akili. Huku kwetu ukiita Hamisi Juma barazani wanasimama watu wanane, na wa tisa anasimama kwa kuwa amechoka kukaa. Nikajifunza kuandika jina la mama kwa penseli kwenye pembe ya faili. Baba wanafanana majina, na wengine mtoto hafanani nao kabisa, lakini mama hakosewi. Ujanja huo haukuwa katika waraka wowote. Ulikuwa wangu, na mpaka leo naringa nao.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Pereira, Mgoa mfupi mwenye miwani, hati yake nzuri kuliko chapa ya kitabu. Alinipa amri moja siku ya kwanza. Karani asome jina, namba na tarehe, basi, afunge faili. "Hamisi, ukisoma zaidi unatafuta umbea," aliniambia, "na huo umbea utakuja kukukuta hapo dirishani." Nilimwitikia vizuri sana, kisha nikaenda kusoma zaidi. Mnanitazama hivyo kwa nini? Nanyi pia mngesoma.

Mwezi wa pili tu, umbea ukanikuta. Alikuja baba mmoja kuuliza mwanawe anatibiwa nini, kijana wa miaka kumi na sita aliyekuwa akija kila wiki peke yake. Waraka ulisema mzazi ana haki ya kuona faili la mtoto wake. Basi mimi, kwa kutaka kuonekana msomi, nikalifungua na kumsomea pale pale dirishani, kwa sauti ya mwadhini. Kijana alikuwa bado anakojoa kitandani. Nyuma ya yule baba kulikuwa na foleni mpaka mlangoni, na katika foleni mlikuwa na jirani zao wawili. Kabla ya alasiri habari ilikuwa imemtangulia baba mwenyewe kijijini.

Yule kijana alihama. Nilisikia yuko Samburu, ile ya hapa Kwale kwenye barabara kuu ya Nairobi, anapakia mbuzi kwenye malori, na kwao harudi hata Idi. Bwana Pereira hakunipigia kelele. Aliniweka wiki nzima nikifuta vumbi droo moja moja, na kila nikimaliza moja ananiuliza, "Leo umemsomea nani?" Niliona aibu ambayo mpaka sasa nikiikumbuka masikio yanawaka. Baba alikuwa na haki yake, sikatai. Ila haki hiyo niliitoa nje ikiwa uchi.

Sasa ndio nawaleta kwa Mzee Nassoro.

Mzee Nassoro alikuwa mtu wa Kinondo, mkulima wa minazi, mrefu, mcha Mungu, kanzu yake haina doa. Mkewe alifariki akamwachia binti mmoja mchanga, Mwanamkasi, naye akamlea mwenyewe. Hakuoa tena. Watu walisema alijifunza hata kumsuka nywele, na kwamba alimsuka vibaya, lakini alimsuka. Binti alikuwa na miaka kumi na mitano, na katika mtihani wa mwisho aliwapita wavulana wote wa shule yao. Barua ilikuwa imekuja ya kumwita shule ya bweni ya wasichana, aripoti mwisho wa mwezi.

Lakini Mzee Nassoro alikuwa amekwisha kutoa neno lake kwingine. Kulikuwa na bwana mmoja wa Diani mwenye lori la kubeba nazi, mtu mzima, na harusi ilikuwa iwe mwezi uo huo. Mzee aliogopa kufa na kumwacha mtoto peke yake duniani. Hivyo ndivyo alivyoliona jambo, na kwa hilo simlaumu.

Tangu ile posa, Mwanamkasi akaanza kuumwa tumbo. Mara tatu shangazi yake alimleta hospitali, na mara zote tatu alionwa na daktari wetu, Mzungu kijana, mgeni, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Shangazi hakujua Kiingereza, Mwanamkasi alikijua. Walizungumza wawili hao, shangazi akitikisa kichwa kama anafuata, na daktari akaandika. Alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, pande zote mbili za karatasi.

Watu wa bwana harusi wakasikia. Wakatuma mjumbe kuuliza, mtoto ana nini? Tumbo gani hilo la kila wiki? Mnajua wenyewe watu wakisikia tumbo la msichana wanafikiri nini. Heshima ya Mzee Nassoro ikatiwa mchanga, naye akaja dirishani kwangu.

"Shikamoo Mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Nipe faili la mwanangu."

Nilikuwa nimekwisha kupata akili kidogo. Nilimpa kiti, nikamwuliza hali ya nyumbani, minazi, miguu. Kisha nikaenda kabatini, nikalitoa lile faili linalonuka maharagwe, na nikiwa nimempa mgongo nikasoma. Naam, nilisoma tena! Lakini nilikuwa na haraka, nikasoma upande wa mbele tu. Ulisema hivi: mtoto huyu hana ugonjwa wowote. Tumbo halimuumi. Anajifanya, ili ndoa iahirishwe, kwa kuwa anataka kwenda shule. Ameniomba baba yake asiambiwe.

Kama Mzee angejua siku hiyo kwamba mwanawe hana lolote, angekwenda Diani kwa miguu kuwatoa wasiwasi, na harusi ingekuwa Ijumaa. Shule basi tena. Nikamkumbuka yule kijana wa Samburu na mbuzi wake.

Nikarudi nimelikumbatia faili. "Mzee, waraka unasema haki ni ya mzazi mwenye mamlaka juu ya mtoto."

"Ndiye mimi."

"Bila shaka. Na mjomba wake je?"

Lo! Kama mnatoka bara mtaniuliza mjomba ameingiaje. Kwetu Wadigo, mila ya zamani mtoto ni wa upande wa mama. Mjomba, yaani kaka wa mama, ndiye aliyekuwa na kauli juu ya mtoto, na mali ya mjomba ikirithiwa na watoto wa dada yake. Uislamu ukaja na sheria yake, ukamweka baba mahali pake. Lakini mila haikutoka, ilisogea pembeni tu ikawa inasubiri kuulizwa. Ukiuliza swali hilo mbele ya Wadigo wawili, nenda kapike chai, kwa maana hawamalizi leo.

Mzee Nassoro akavimba. "Mambo ya mjomba ni ya ujahilia!"

"Kweli Mzee. Lakini ipo fomu."

Fomu haikuwepo. Nilimwomba anisubiri, nikaingia ndani, nikakaa mbele ya mashine ya taipu, nikapiga kwa vidole viwili: OMBI LA KUONA FAILI LA MTOTO. Chini yake nikaweka mistari mitatu. Sahihi ya baba. Sahihi ya mama, au mjomba ikiwa mama hayupo. Sahihi ya karani. Juu kabisa nikaandika Fomu Namba Saba, kwa kuwa namba moja ingetia shaka. Nikaigonga muhuri mara mbili. Kitu chochote kikigongwa muhuri mara mbili watu hukiheshimu.

Mjomba wa Mwanamkasi aliitwa Omari, mtu wa Vanga, huko mpakani, nahodha. Nilipiga hesabu zangu vizuri. Barabara ya Vanga wakati ule ilikuwa matope na mashimo, basi lilipita likipenda. Barua yangu ya kumweleza habari ya posa na fomu ifike, mjomba anune, ajibu kwa maneno makali, Mzee Nassoro naye ajibu, na hapo mwisho wa mwezi umefika na shule imefunguliwa. Nilijiona waziri.

Kumbe kuna jambo sikulijua. Mzee Nassoro hakuwa amemwambia Mjomba Omari habari ya posa hata kidogo. Posa ya mtoto wa dada yake, mjomba hana habari! Alipoipata barua ile hakukaa kununa. Alipanda juu ya lori la samaki wakavu, akashuka hospitali siku ya tatu saa nne asubuhi, ananuka papa mpaka wagonjwa wa kifua wakakohoa vizuri. Mzee Nassoro alikuwa ameitwa, naye akaja na binti yake. Mwanamkasi aliketi kwenye benchi la nje, buibui limemfunika mpaka puani, na shangazi kando.

Walianza kugombana pale pale chumbani kwangu. "Umemwuza mwana wa dada yangu kwa dereva!" "Si dereva, ana lori lake!" "Mimi nilizika dada, na mwana nitamzika mzima?" Mimi nimekaa kimya, nafurahi, naona siku zinakwenda. Kisha ikatokea nuksi. Adhuhuri ikaadhiniwa, wakaenda msikitini pamoja, wakasimama safu moja, wakatoka wakanywa chai na mahamri, na waliporudi wamepatana! Mjomba ametaka radhi, Mzee ametaka radhi, na wote wawili sasa wanataka kujua mtoto anaumwa nini. Wakatia vidole gumba kwenye wino, wakagonga mistari yao. Ukabaki mstari wa karani. Nikaangusha kalamu makusudi, nikainama kuitafuta kwa muda mrefu kuliko kalamu inavyostahili.

Nilipoinuka, Bwana Pereira alikuwa amesimama mlangoni.

Akaichukua ile karatasi. Akaisoma kwa utulivu, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. "Fomu Namba Saba," akasema.

"Ndiyo, Bwana."

"Na moja mpaka sita ziko wapi, Hamisi?"

Wallahi nilitamani sakafu inimeze na kiti changu. Bwana Pereira aliwatazama wale wazee wawili, akamtazama msichana kule nje kwenye benchi, akanitazama mimi. Sijui alijua kiasi gani, na sikumwuliza kamwe. Alichukua kalamu yake, akapiga mstari wa nne, na kwa ile hati yake nzuri akaandika: Sahihi ya mtoto. "Haijakamilika," akasema, akarudi ofisini kwake.

"Mtoto naye anatia sahihi?" Mzee Nassoro akashangaa.

"Si amesoma?" Mjomba akasema. "Mwache atie. Mwite!"

Mwanamkasi akaingia. Nikampa kalamu, mlango nikaufunga kwanza, hilo nililikumbuka. Aliishika kalamu juu ya karatasi kwa muda. Kisha akaiweka chini, akafunua uso.

"Baba, siumwi. Sikuumwa hata siku moja. Nataka kwenda shule."

Ukutani nyuma yetu sufuria za jikoni zilikuwa zinagongana. Mzee Nassoro alimtazama binti yake, na ile hasira niliyoingoja sikuiona. Niliona mtu aliyeumizwa.

"Ulimwambia Mzungu," akasema taratibu. "Mimi, baba yako, hukuniambia."

Mwanamkasi alilia. Mzee akaikunja ile fomu, akaitia mfukoni mwa kanzu bila kujua anafanya nini, akatoka. Ni Mjomba aliyemaliza jambo. Alikwenda Diani mwenyewe kurudisha posa, na harufu yake ya papa nadhani ilisaidia. Mwisho wa mwezi Mwanamkasi alipanda basi na sanduku lake la bati.

Nilijipongeza sana. Niliwasimulia kisa hiki makarani wengine kwa miaka, kwa vichekesho vyote, namna nilivyomzungusha mzee wa watu. Fomu Namba Saba ikabaki. Bwana Pereira aliagiza zipigwe nyingine mia, zenye mistari yote minne, na hospitali za jirani zikaiga bila kuuliza moja mpaka sita ziko wapi. Zuhura anasema hata kwenye kompyuta yao kuna ukurasa wa saba unaofanana nayo. Alhamdulillahi.

Lakini Mzee Nassoro hakunisalimia tena. Na kwa binti yake akawa baba wa salamu tu. Akimpelekea nazi na sukari shuleni, akimpokea likizo, lakini yale mazungumzo yao ya zamani yalikwisha. Shangazi ndiye aliyeniambia. Mzee alikuwa akisema, "Ana siri na watu wa mbali, mimi nimekuwa mgeni." Hayo yalinichoma, ingawa kwa kucheka kwangu msingejua.

Ikapita miaka. Bwana Pereira alikwisha kwenda ughaibuni kwa wanawe, nami nimekaa kitini kwake. Mwanamkasi ni mwalimu. Siku moja asubuhi namwona mzee dirishani, ameinama kidogo, kanzu bado haina doa.

"Shikamoo Mzee Nassoro."

"Marahaba, Hamisi. Nimeleta fomu yako."

Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mpaka mikunjo inataka kukatika. Ilikuwa ile ile! Mihuri miwili, kidole gumba chake, kidole gumba cha Mjomba Omari, na kwenye mstari wa nne, kwa hati ya mwalimu, sahihi ya Mwanamkasi. "Nilimwomba," akasema. "Akatia bila neno. Sasa nawe tia yako, unisomee. Nataka kujua alimwambia nini yule Mzungu ambacho kwangu kilikuwa hakisemeki."

Nikamwingiza ndani, nikafunga mlango, nikampa kiti. Nikatia sahihi mstari wa tatu. Faili nililipata upesi, jina la mama kwenye pembe. Nikamsomea upande wa mbele, kwa Kiswahili, polepole: hana ugonjwa, anajifanya, anataka shule, ameomba baba asiambiwe. Mzee akaitikia kwa kichwa, yote hayo alikuwa akiyajua. Nikataka kufunga.

"Na nyuma?" akauliza.

Nikaigeuza karatasi. Wanangu, nawaambia kweli, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuigeuza. Miaka yote ile nililipigania faili ambalo sikulisoma mpaka mwisho. Daktari alikuwa ameandika hivi:

Nimemwuliza kwa nini hasemi na baba yake, je, anampiga? Amecheka. Amesema baba yake hajampiga hata siku moja. Amesema akimwambia kwamba hataki, baba atavunja posa siku hiyo hiyo kwa ajili yake, kisha watu watamcheka kwa kuvunja neno, naye hawezi kumwona akichekwa. Amesema anaona heri aonekane mgonjwa yeye.

Nilimaliza kusoma, sikuweza kuinua macho. Maneno yale yangempoza siku ile ile, yalikuwa mikononi mwangu, na mimi nilikuwa nashughulika na taipu.

Mzee alikuwa amevua kofia, ameishika magotini kwa mikono miwili, machozi yanashuka kwenye ndevu naye hayafuti. "Nisamehe, Mzee," nikamwambia. Sidhani kama alinisikia.

"Naweza kwenda nayo hiyo karatasi?"

"Hapana Mzee. Faili halitoki chumbani."

Akacheka, cheko la kulia. "Hata leo unaninyima!" Kisha akavuta pumzi na kunusa. "Mbona inanuka maharagwe?"

"Ni jiko, Mzee."

"Haya," akasema, akakisogeza kiti chake karibu na meza yangu. "Nisomee tena. Anza huko nyuma."